Chai ya Kijani na Damu ya Mwanamke



Jioni ya leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari za kitu kisichokosekana katika nyumba zetu, nacho ni chai. Walakini sitasema habari za chai yote, maana ni nyingi kuliko dakika nilizopewa. Nitasema hasa juu ya ile iitwayo chai ya kijani, na juu ya faida ambazo watu husema kwamba mwanamke huzipata kwa kuinywa. Maneno hayo yameenea sana. Huyu asema chai hiyo husafisha damu. Yule asema huyeyusha unene. Na mwingine asema mwanamke aitumiaye hazeeki upesi. Wahenga walisema, Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Basi yatupasa kukitazama kipya hiki kwa makini, tujue wapi pana unyemi na wapi pana kidonda.

Sisemi nanyi kama daktari, kwa kuwa mimi ni mwalimu tu, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Nasema kama mtu aliyefanya kosa kwa sababu ya chai hiyo hiyo, na kosa lenyewe nililifanya juu ya ndugu yangu wa damu. Nitalieleza punde. Lakini kwanza tulitazame jani lenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba chai ya kijani hutoka katika mti wa namna ya peke yake. Sivyo. Mchai ni mmoja. Hata wataalamu wa Ulaya walikosea jambo hili kwa muda mrefu, wakidhani ipo michai miwili, mmoja wa chai nyeusi na mmoja wa chai ya kijani. Katika miaka ya 1840 Mskochi mmoja aitwaye Robert Fortune alisafiri katika nchi ya Uchina, akaona kwa macho yake kwamba chai zote mbili zaweza kutoka shamba moja. Tofauti ni kazi ya mikono ya watu baada ya kuchuma.

Mtakaye kujua tofauti hiyo, fikirini ndizi iliyomenywa. Ukiiacha mezani, baada ya muda hugeuka rangi na kuwa nyeusi. Ukiitia katika maji ya moto mara tu baada ya kuimenya, weusi ule haujitokezi kama kwanza. Ndivyo lilivyo jani la mchai. Likinyaushwa, likasokotwa na kuachwa lipate hewa, hugeuka rangi, kisha likikaushwa huwa chai nyeusi tuliyoizoea. Lakini likitiwa katika mvuke au katika kikaango cha moto mara baada ya kuchumwa, hubaki na ukijani wake. Nchi ya Japani hutumia mvuke zaidi, na Uchina hutumia kikaango. Kwa kuwa jani hilo halikugeuka, viungo vya asili vilivyomo ndani yake hubaki vingi, na hasa vile vinavyoleta ukakasi mdomoni.

Mchai si mgeni kwetu. Ulipandwa Limuru katika nchi ya Kenya mwaka 1903, na katika Tanganyika uliletwa wakati wa utawala wa Wadachi. Leo mtu apitaye Kericho, Nandi, Mufindi au Rungwe huona mashamba yake yamefunika vilima kama zulia, na ndani yake wachumaji, wengi wao wanawake, na vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi moja. Sehemu kubwa ya majani hayo hufanywa chai nyeusi. Lakini vipo viwanda vya Afrika ya Mashariki vinavyotengeneza chai ya kijani pia. Kwa hiyo mtu asiambiwe kwamba hiyo ni dawa ya ajabu iliyotoka ng'ambo. Ni jani lile lile linalochumwa na mama zetu na dada zetu.

Sasa tuulize, sifa za chai hiyo zilianzia wapi? Ni za zamani sana. Katika nchi ya Japani alikuwako mtawa wa dini ya Buddha, jina lake Eisai, ambaye alileta mbegu za mchai kutoka Uchina mwaka 1191. Mnamo mwaka 1211 aliandika kitabu cha kuisifu chai kuwa ni kinywaji cha kulinda afya. Tangu hapo Wajapani wamekuwa wakinywa chai ya kijani vizazi kwa vizazi, asubuhi na jioni, pasipo sukari wala maziwa.

Lakini sifa si ushahidi. Ushahidi wa maana ulipatikana baadaye sana. Katika mkoa wa Miyagi, kaskazini mwa Japani, wataalamu waliwaandika watu zaidi ya 40,000, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Waliwauliza habari za chakula chao na vinywaji vyao, kisha wakafuatilia maisha yao kwa muda wa miaka 11. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Wanawake waliokuwa wakinywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kila siku walikufa wachache kuliko wale waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Upungufu wenyewe ulikuwa kama watu 23 katika kila mia. Kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, tofauti ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilionekana kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Ama kwa ugonjwa wa saratani, hapakuonekana tofauti ya kutegemewa.

Habari hiyo ni njema, nami siipuuzi. Walakini wanafunzi wangu hujua kwamba napenda kuuliza swali moja juu ya kila hesabu: Je, mambo mawili yanayokwenda pamoja, ni lazima moja liwe mzazi wa jingine? Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini si jogoo anayelichomoza jua. Yamkini mwanamke wa Miyagi anywaye vikombe vitano ana pia mambo mengine yanayomsaidia: samaki, mboga, matembezi, na maisha yenye utulivu. Wataalamu hujaribu kuyatenga mambo hayo katika hesabu zao, lakini si rahisi kuyatenga yote. Kwa hiyo tuseme hivi: chai ya kijani ni kinywaji chema, na yaelekea husaidia moyo. Tusiseme kwamba ni dawa.

Sasa nifike katika kosa langu.

Mdogo wangu wa kike ameolewa katika kijiji kilicho chini ya milima, mwendo wa siku moja kwa gari kutoka chuoni kwetu. Alipokuwa na mimba yake ya tatu nilikwenda kumtazama. Nilimkuta ana uchovu kidogo, nami kwa kuwa nilikuwa nimesikia sifa za chai ya kijani, nilikuwa nimemnunulia mjini makasha mawili. Nikamwambia, "Dada, kunywa hii asubuhi, mchana na jioni. Husafisha damu." Akanijibu, "Ahsante, kaka. Wewe ni mwalimu, wajua." Maneno hayo, "wewe ni mwalimu, wajua," yamenichoma moyo mara nyingi tangu siku ile.

Alinitii kama nilivyomwambia. Asubuhi alikunywa chai ile pamoja na uji. Mchana pamoja na ugali na maharage. Jioni pamoja na mchicha. Tena, kliniki walikuwa wamempa vidonge vya madini ya chuma, kama wapewavyo wanawake wajawazito, naye alivimeza kwa chai ile ile, kwa sababu ilimwondolea kichefuchefu.

Nilirudi baada ya miezi miwili. Nilimkuta amekaa kizingitini, anahema, na ndoo ya maji iko njiani nusu ya mteremko, maana ameshindwa kuifikisha. Mkononi alikuwa na bonge la udongo wa kichuguu, anautafuna. Nilimwuliza kwa nini anakula udongo, akaona haya, akasema, "Kaka, sijui. Nautamani kuliko chakula."

Kesho yake tulikwenda kliniki. Mwuguzi alikuwa mama mtu mzima aliyezalisha watoto wengi wa tarafa ile. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akatuitikia, akamketisha dada yangu. Akamvuta ukope wa chini akautazama. Akatazama viganja vyake. Kisha akamchoma kidole akapima damu. Halafu akauliza, "Vidonge vyako wavimeza?"

Dada yangu akajibu, "Navimeza, mama. Sijaacha hata siku moja."

"Wavimeza kwa kitu gani?"

"Kwa chai aliyoniletea kaka."

Mama yule akanigeukia. "Wewe ndiwe kaka?"

"Ndimi, mama."

"Nawe wafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwalimu."

Hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, umeleta mgeni nyumbani mwa dada yako, naye mgeni huyo hukaa mlangoni, na kila chakula cha damu kipitacho yeye hukishika mkono kisiingie."

Mabibi na Mabwana, nilifundishwa mengi katika shule na vyuo, lakini sikumbuki somo lililoniingia kama hilo. Niliporudi chuoni nilitafuta katika vitabu maana ya maneno yake, nikaona kwamba alisema kweli tupu. Nitawaeleza.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu, na katika kila chembe mna madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoshika hewa ya oksijeni katika mapafu na kuipeleka mwilini mwote. Chuma kikipungua, hewa hiyo hupungua, na mtu huwa kama taa isiyo na mafuta ya kutosha: huchoka, huhema, huumwa kichwa, na pengine hutamani kula udongo. Mwanaume hupoteza chuma kidogo. Lakini mwanamke wa umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi, na akishika mimba humgawia mtoto chuma chake mwenyewe. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba mwanaume mtu mzima ahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku katika chakula chake, mwanamke wa umri wa kuzaa 18, na mjamzito 27. Tazameni hesabu hiyo: mama mwenye mimba ahitaji zaidi ya mara tatu ya ahitajivyo mumewe.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la wachache. Wakati wa uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila mia, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walionekana wana upungufu wa damu. Mwanamke mwenye upungufu mkubwa akipatwa na kutokwa damu wakati wa kuzaa, hana akiba. Na mtoto wake yamkini atazaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Hapo ndipo mambo ya kikombe yanapokuwa mambo ya uhai.

Basi chai huzuiaje? Kumbukeni ukakasi niliotaja. Ukakasi wa chai ni jamaa ya ukakasi wa ndizi mbichi, na wa bibo la korosho, na wa gome la mkandaa ambalo watu wa pwani hulitumia kwa kutia rangi na kutengeneza ngozi. Tena watu wa pwani, kwa busara ya lugha yao, chai isiyo na maziwa huiita chai ya mkandaa. Ukakasi huo una tabia moja: ukikutana na chuma hukishika na kukifunga. Chuma kilichofungwa hakiwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia katika damu. Hupita tu na kutoka pamoja na uchafu.

Enyi wanafunzi, jambo hili mwaweza kuliona kwa macho. Chukueni msumari wenye kutu, mwulaze katika maji ya ndimu usiku kucha. Kesho yake pikeni chai ya rangi, iwe kali, iacheni ipoe, kisha tieni ndani yake matone machache ya maji yale ya msumari. Mtaona chai inageuka nyeusi kama wino. Na kweli ni wino, maana watu wa kale walifanya wino wa kuandikia kwa njia hiyo hiyo, kwa kuchanganya chuma na ukakasi wa miti. Msiinywe, mwageni. Lakini mkiisha kuona weusi ule, mtajua ni kitu gani kinachotokea tumboni mwa mama anayemeza kidonge cha chuma kwa kikombe cha chai.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1975 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Afrika ya Kusini juu ya wanawake wenye asili ya Kihindi, ambao desturi yao ilikuwa kunywa chai pamoja na chakula. Ilionekana kwamba chuma cha mkate na cha wali kilichoingia mwilini kilipungua sana walipokunywa chai, hata kufikia kama theluthi moja tu ya kile kilichoingia walipokunywa maji. Chai ya kijani nayo imo katika hukumu hii, ingawa nguvu yake si sawa na ya chai nyeusi. Wala maziwa hayaondoi zuio hilo, kama wengine wadhanivyo.

Hapa niseme wazi, ili nisieleweke vibaya. Chuma kinachozuiliwa zaidi ni kile cha nafaka, maharage na mboga. Chuma cha nyama, ini na samaki huingia mwilini kwa njia nyingine, nacho hakizuiliwi sana. Kwa hiyo mwanamke wa mjini alaye nyama kila siku aweza kunywa chai na mlo wake asione dhara kubwa. Lakini mwanamke wa kijijini, ambaye chuma chake chote chatoka katika maharage, kunde na mchicha, ndiye anayeibiwa. Shauri lile lile la chai lililomfaa mwanamke wa Japani, alaye samaki, laweza kumdhuru mwanamke wa kwetu, si kwa sababu chai ni mbaya, bali kwa sababu sahani zao si moja.

Je, tuache chai? La, sivyo. Dawa ya jambo hili ni rahisi, wala haigharimu hata senti moja. Ni kungoja. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wa Uingereza ambao walilishwa uji wenye chuma. Waliokunywa chai pamoja na uji walipata chuma kidogo. Lakini chai ilipocheleweshwa kwa saa moja, zuio lake lilipungua sana. Tazameni, uji ule ule na chai ile ile. Kilichobadilika ni saa tu. Kwa mwanamke, saa ya kunywa chai ni jambo kubwa kuliko rangi ya chai.

Basi nawapa mashauri machache, nayo nawaomba myashike.

La kwanza, wakati wa chakula kunyweni maji safi. Chai, iwe ya kijani au nyeusi, ingoje saa moja au zaidi baada ya mlo. Wakati mzuri ni katikati ya asubuhi, na alasiri kabla ya kazi ya jioni.

La pili, pamoja na maharage au mboga kuleni kitu chenye uchachu wa matunda: kamulieni ndimu, au kuleni chungwa, pera au embe. Vitamini iliyomo katika matunda hayo hukisaidia chuma kuingia mwilini. Ndimu ni mgeni afunguaye mlango, kama vile chai ni mgeni aufungaye.

La tatu, vidonge vya chuma mpewavyo kliniki vimezwe kwa maji, kamwe visimezwe kwa chai wala kahawa. Kama vyawatia kichefuchefu, mwambieni mwuguzi, naye atawaonyesha njia. Mama mjamzito asizidishe vikombe hata hivyo, maana chai ina kafeini, na Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2016 kwamba mjamzito anayepata zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Vikombe viwili au vitatu vya chai havifiki hapo.

La nne, jihadharini na vidonge vinavyouzwa kwa jina la chai ya kijani, ati vya kupunguza unene. Kikombe cha chai ni kitu kimoja, na jani lililokamuliwa nguvu zake zote na kushindiliwa katika kidonge ni kitu kingine. Mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiungo kikuu cha jani hilo, zikimezwa kwa vidonge, zaweza kuashiria madhara katika ini. Na kuhusu unene, uchunguzi mwingi ulipokusanywa pamoja mwaka 2012, uzito uliopungua ulikuwa mdogo mno hata usiwe na maana. Basi kwa nini mwanamke auweke ini lake rehani kwa ajili ya faida isiyoonekana?

La tano, chai isinywewe ingali ya moto sana. Mwaka 2016 wachunguzi wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio. Nao watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro, wakachapisha mwaka 2015, walikuta kwamba wengi huinywa ikiwa na joto la kupita hapo. Nasi twajua ugonjwa huo unavyowasumbua watu wa nchi zetu. Mimineni, zungumzeni kidogo, kisha nyweni. Haraka haraka haina baraka.

Juu ya sukari sina haja ya kukawia. Uzuri wa kikombe cha Mjapani ni kwamba hakina sukari. Mtu atiaye vijiko vitatu katika kila kikombe, akanywa vikombe vitatu, amekula vijiko tisa, naye asitarajie kwamba ukijani wa jani utamponya.

Nina neno moja lililobaki, nalo ni la wanaume wenzangu. Katika nyumba nyingi kitoweo kikiwa kidogo, kipande cha nyama au dagaa huwekwa katika sahani ya baba, na mama hujipangusia mchuzi, kisha hujishibisha kwa chai. Tumeona kwamba yeye ndiye ahitajiye chuma mara mbili na mara tatu kuliko sisi. Basi ni hesabu gani hiyo tunayoifanya mezani? Mwanafunzi wangu akiniletea hesabu ya namna hiyo katika daftari, nitampigia mstari mwekundu. Zawadi njema kwa mke mwenye mimba si kasha la chai kutoka mjini, kama nilivyodhani mimi. Ni fungu la dagaa, na kipande cha ini, na mkono wa kumpokea ndoo njiani.

Dada yangu mwuguzi alimpima malaria na minyoo ya safura pia, kwa kuwa hao nao ni wezi wa damu, akampa dawa alizostahili, akamwamuru avimeze vidonge kwa maji na aisogeze chai mbali na chakula. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba chai yangu peke yake ndiyo iliyomdhoofisha. Lakini siwezi kusema vilevile kwamba mikono yangu ni safi. Alijifungua salama mtoto wa kike. Makasha yale ya chai hakuyatupa. Hata leo nikienda kwake hunitengenezea kikombe alasiri, tukiwa tumekaa kivulini, na chakula cha mchana kimekwisha kushuka. Hunitazama akicheka, akasema, "Kaka, saa imetimia. Sasa twaweza kunywa."

Mabibi na Mabwana, nanyi pia kunyweni chai yenu kwa furaha, lakini saa ikitimia. Kesho asubuhi, kabla hamjamimina chai karibu na bakuli la uji, kumbukeni ule msumari na wino wake.